Arei za kuazima zinapoleta matatizo: utatuzi kwa dalili, kwa wanaotunza mifumo ya mizani na maghala

Mwongozo huu ni kwa waandishi wa programu wa Mtwara na Lindi wanaotunza huduma zinazopokea uzito kutoka mizani za AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima), kuandaa kumbukumbu za stakabadhi ghalani na kupeleka taarifa ghala kuu. Huduma za namna hii hukaa kwenye seva ndogo yenye memori ya kubana, na msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba mzigo hupanda kwa siku chache tu. Mtandao ukikatika Tandahimba tangu asubuhi, vifaa vya mizani hutunza rekodi ndani. Ukirudi alasiri, vyote humwaga kwa mpigo. Memori inajaa, programu inakwama kila baada ya sekunde kadhaa, na mtu anashauriwa atumie `ArrayPool`. Anabadilisha `new byte[...]` kuwa `Rent`, memori inashuka kweli, kisha yanaanza malalamiko ya aina nyingine kabisa. Hayo ndiyo tutakayoyapitia.

Kwa kifupi sana, `ArrayPool<T>.Shared` ya .NET, jukwaa la programu la Microsoft, ni akiba ya arei (safu za nafasi za memori zenye urefu maalumu) ambayo thredi zote za programu, yaani njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba, huazima na kurudisha. `Rent` inakupa arei yenye urefu usiopungua ulioomba, na mara nyingi inauzidi. Haikuahidi kwamba iko safi: hushika yaliyoachwa na aliyetangulia, kama gunia la msimu uliopita ambalo halikukung'utwa. `Return` inairudisha akibani, na kuanzia hapo si yako tena hata kama jina lake bado liko kwenye msimbo wako. Karibu kila hitilafu iliyomo humu inatokana na swali moja ambalo msimbo haukulijibu: kwa wakati huu, ni nani peke yake mwenye haki ya kuigusa arei hii?

Kabla hujagusa kitu

Angalia toleo la .NET kwa `dotnet --info`, kwa sababu tabia ya akiba hii imebadilika kati ya matoleo. Kisha pima wakati mzigo uko juu:

`dotnet-counters monitor -p 4312 --counters System.Runtime`

(4312 ni mfano wa namba ya mchakato, weka yako.) Andika mambo matatu: kasi ya kutenga memori, idadi ya mizunguko ya mzoa taka, yaani GC, ya kizazi cha 2 (vitu vilivyokaa memorini muda mrefu), na sehemu ya muda inayoliwa na GC. Kama GC inakula muda kidogo hata vifaa vyote vinapotuma pamoja, akiba ya arei haitakusaidia chochote. Rudi kwenye `new` ya kawaida. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu kila `Rent` unayoiongeza ni mahali papya pa kukosea, na kosa lenyewe huwa halitoi ujumbe wowote.

Dalili ya 1: "Uzito wa mkulima umekuja na tarakimu za mwingine"

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo ya kushughulikia haraka kuliko zote, maana tarakimu hizo ni malipo ya mtu aliyepalilia mikorosho yake mwaka mzima.

Tazama kwa karibu. Kifaa kimoja kinatuma `TANDAHIMBA;0412;87`, herufi 18. Programu inaisoma, inarudisha arei. Muda mfupi baadaye thredi nyingine inaazima arei ileile, na kutoka kifaa kingine inaingia `NEWALA;0077;61`, herufi 14. Herufi hizo 14 zinaandikwa juu ya zile za mwanzo. Nne za mwisho za ujumbe wa zamani zinabaki palepale. Msimbo ukiwa hivi:

```csharp
byte[] bafa = ArrayPool<byte>.Shared.Rent(20);
int n = await soketi.ReceiveAsync(bafa);
string ujumbe = Encoding.UTF8.GetString(bafa);
```

kinachosomwa ni `NEWALA;0077;612;87`, kikifuatiwa na baiti nyingine za mabaki. Gunia la kilo 61 limekuwa la kilo 612. Hakuna kosa lililotupwa, hakuna mstari mwekundu kwenye logi, na kichambuzi cha ujumbe kinachochukua sehemu ya tatu baada ya nukta-mkato kinaipokea 612 kama namba halali.

Sababu ya kwanza, na mara nyingi ndiyo hiyo: urefu wa arei umetumika badala ya idadi ya baiti zilizopokelewa. Uliomba 20, umepewa 32, zilizoingia ni 14. Namba ya kuiamini ni `n` peke yake. Tafuta kwenye msimbo wote kila mahali penye `.Length` ya arei ya kuazima, na kila mahali arei nzima inapopewa kazi nyingine: `GetString(bafa)`, `new MemoryStream(bafa)`, `SHA256.HashData(bafa)`, `File.WriteAllBytes`. Hesabu ya hashi (alama fupi inayokokotolewa kutokana na data) inayobadilika kila ukiirudia kwa data ileile ni ushahidi tosha wa kosa hili. Marekebisho ni madogo:

```csharp
string ujumbe = Encoding.UTF8.GetString(bafa, 0, n);
```

au tumia `bafa.AsSpan(0, n)` tangu mwanzo na usiruhusu arei nzima ipite zaidi ya hapo.

Sababu ya pili: ujumbe umefika nusu. TCP, itifaki inayosafirisha data mtandaoni, haijui ujumbe wako unaishia wapi. Inaweza kuleta baiti 9 sasa na 5 baadaye, hasa mtandao wa simu ukiwa dhaifu huko vijijini. Ukichukulia kwamba kusoma mara moja ni ujumbe mzima, nusu ya pili itaunganishwa na mabaki. Soma hadi ukutane na alama ya mwisho wa mstari, au kama urefu unajulikana tumia `ReadExactlyAsync` ya `Stream`, iliyopo tangu .NET 7.

Kuna wanaotibu dalili hii kwa `Return(bafa, clearArray: true)`. Haitibu. Inafuta mabaki, kwa hiyo badala ya 612 utapata 61 yenye mkia wa baiti za sifuri, na kosa la urefu bado lipo. Kusafisha kuna kazi yake nyingine: arei iliyobeba majina, namba za simu au akaunti za benki za wakulima isafishwe kabla ya kurudi akibani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na arei chafu ni njia rahisi ya taarifa za mtu mmoja kujikuta kwenye majibu ya mwingine.

*Simama hapa:* ikiwa rekodi zilizovurugika zimeshaingia kwenye hifadhidata, usizirekebishe mwenyewe kwa `UPDATE`. Sitisha upokeaji, viache vifaa vitunze rekodi ndani, tunza logi ghafi bila kuzigusa, kisha mwite msimamizi wa hifadhidata pamoja na mhasibu wa AMCOS husika aje na daftari la karani wa mizani. Kulinganisha kilo na daftari si kazi ya mwandishi wa programu peke yake, na namba iliyosahihishwa bila shahidi italeta mgogoro siku ya malipo.

Dalili ya 2: "Kifaa kimoja kimoja hakuna shida, vyote vikituma pamoja, data inavurugika"

Hapa tofauti na ya kwanza ni kwamba hakuna mkia. Ujumbe mzima ni wa mtu mwingine, au katikati yake umebadilika wakati unausoma. Ukijaribu ofisini na kifaa kimoja huipati hata ukikesha.

Anza na ukaguzi rahisi: katika kila njia, `Return` iko wapi ukilinganisha na matumizi ya mwisho ya data? Chanzo cha kawaida ni arei iliyorudishwa huku kipande chake bado kinasafiri. Mfano: unatengeneza `Memory<byte>` kutoka kwenye arei, unaitia kwenye foleni ili thredi nyingine iandike hifadhidatani, kisha `finally` yako (sehemu inayotekelezwa mwishoni hata kosa likitokea) inarudisha arei papo hapo. Foleni imebeba anwani tu, si nakala. Thredi ya kuandika ikifika, arei ina ujumbe wa mtu mwingine. Marekebisho ni mawili: ama nakili data kabla ya kuitia foleni (ujumbe wa baiti 20 haudai chochote, nakili tu), ama ukabidhi jukumu la kurudisha kwa yule anayepokea, na wewe usirudishe. `IMemoryOwner<byte>` kutoka `MemoryPool<byte>` hufaa kwa hilo, kwa sababu mwenye nayo ndiye anayeita `Dispose`.

Kinachofuata kwa wingi ni kurudisha mara mbili. Mara nyingi kimoja kiko kwenye `catch` na kingine kwenye `finally`, au `Dispose` inaitwa na watu wawili. Inafaa kujua kinachotokea ndani. Kila thredi ina nafasi yake ya arei moja kwa kila ukubwa. Zinazozidi huenda kwenye rundo linalogawanywa kwa viini vya prosesa. Ukirudisha arei mara ya kwanza, inakaa kwenye nafasi ya thredi yako. Ukiirudisha tena, ile iliyokuwepo inasukumwa kwenye rundo na "mpya" inashika nafasi yake, ila zote mbili ni arei moja. Sasa iko sehemu mbili akibani, thredi mbili zitaiazima kwa wakati mmoja, na kila moja itaamini ni yake. `Shared` haikagui hili. Kosa litaonekana kwenye msimbo wa mtu asiye na hatia, mbali na lilikozaliwa.

Sababu ya tatu ni adimu kidogo lakini ndiyo inayowachosha watu kuliko zote: kikomo cha muda. Msimbo unangoja kusoma kwa `Task.WhenAny(kusoma, Task.Delay(5000))`, sekunde tano zinapita, kifaa cha Nanyumbu hakijajibu, unatoka na `finally` inarudisha arei. Lakini kusoma hakujasitishwa, bado kunangoja. Mtandao ukirudi, baiti za Nanyumbu zinaandikwa ndani ya arei ambayo sasa inatumiwa na Masasi. Pitisha `CancellationToken`, yaani ishara ya kusitisha, kwenye kusoma kwenyewe, kisha ngoja kazi hiyo iishe kweli, hata kama imeisha kwa kosa, ndipo urudishe. Usipoweza kuwa na hakika kwamba imeisha, usirudishe kabisa. Arei isiyorudishwa itazolewa na GC ikishakosa mwenyewe. Umepoteza faida kidogo ya memori. Arei iliyorudishwa mapema inaharibu rekodi za watu. Kati ya hasara hizo mbili chagua ya kwanza bila kusita.

Ukishindwa kuiona kwa macho, weka akiba ya ukaguzi kwenye mazingira ya majaribio. Haitumii tena arei yoyote, na inajaza takataka zinazoonekana:

```csharp
sealed class AkibaYaUkaguzi : ArrayPool<byte>
{
    readonly ConcurrentDictionary<byte[], string> _nje = new();

    public override byte[] Rent(int angalau)
    {
        int ukubwa = (int)BitOperations.RoundUpToPowerOf2((uint)Math.Max(16, angalau));
        var arei = new byte[ukubwa];
        Array.Fill(arei, (byte)0xDD);
        _nje[arei] = Environment.StackTrace;
        return arei;
    }

    public override void Return(byte[] arei, bool safisha = false)
    {
        if (!_nje.TryRemove(arei, out _))
            throw new InvalidOperationException("Imerudishwa mara mbili, au si ya akiba hii.");
        Array.Fill(arei, (byte)0xDD);
    }
}
```

Ili uweze kuibadilisha, msimbo wako upokee `ArrayPool<byte>` kama kigezo badala ya kuita `Shared` moja kwa moja kila mahali. Ukiona 0xDD kwenye ujumbe, mtu amesoma baada ya kurudisha au amesoma kupita `n`. Kurudisha mara mbili kutalipuka palepale panapotokea. Na `_nje` mwisho wa jaribio itakuonyesha arei zilizosahaulika pamoja na mahali zilikoazimwa. Usiipeleke kwenye seva ya kazi: inatenga memori kila mara na kuandika mlolongo wa miito, ni nzito.

*Simama hapa:* kama arei inapewa maktaba ya kiendeshi cha mizani iliyoandikwa kwa C au C++, na maktaba hiyo inashika pointa baada ya mwito kuisha, usiendelee kubahatisha. Huko hata GC inaweza kuihamisha arei chini ya miguu ya kiendeshi. Tumia `new` kwa sehemu hiyo na umtafute aliyeandika kiendeshi au mtaalamu wa msimbo wa asili.

Dalili ya 3: "Tumeweka akiba lakini memori haishuki"

Angalia kwanza kama arei zinarudi. Kosa likitupwa kati ya `Rent` na `Return` pasipo `finally`, arei haitarudi, na akiba italazimika kutengeneza mpya. Akiba yenyewe hutangaza matukio, unaweza kuyarekodi:

`dotnet-trace collect -p 4312 --providers System.Buffers.ArrayPoolEventSource:FFFFFFFF:5`

Linganisha `BufferRented` na `BufferReturned`. Pengo likikua kadiri saa zinavyokwenda, kuna njia isiyorudisha. `BufferAllocated` ikiwa karibu sawa na `BufferRented`, akiba yako haifanyi kazi ya akiba.

Pili, ukubwa. Saizi za akibani huenda kwa kuzidisha mara mbili: 16, 32, 64, na kuendelea. Ukiomba baiti 65,600 utapewa 131,072. Zaidi ya kuchukua karibu mara mbili, umevuka pia kizingiti cha baiti 85,000 ambacho juu yake .NET huweka kitu kwenye eneo la vitu vikubwa, linalozolewa pamoja na kizazi cha 2 tu. Kama ujumbe wako mkubwa kabisa unazidi kidogo 65,536, jaribu kuupunguza au kuusoma kwa vipande.

Tatu, toleo la zamani. Kabla ya .NET 6, `Shared` ilikuwa haitunzi arei zenye zaidi ya vipengele 1,048,576. Ukiomba kubwa zaidi ilitengeneza mpya na kuitupa uliporudisha. Tangu .NET 6 kikomo ni 1,073,741,824. Anayepokea picha za stakabadhi zilizoskaniwa juu ya toleo la zamani hataona faida yoyote, na dawa ni kupandisha toleo.

Mwisho, thredi nyingi mno. Kwa kuwa kila thredi hujiwekea arei yake kwa kila ukubwa, huduma iliyofungua thredi mamia itashikilia memori hata ikiwa imepumzika. Akiba hupunguza arei ilizonazo kila GC ya kizazi cha 2 ikipita, kwa hiyo usihukumu kwa dakika za mwanzo baada ya mzigo kushuka.

Dalili ya 4: "Programu imekuwa nzito kuliko zamani"

Mtuhumiwa wa kwanza ni `ArrayPool<byte>.Create()` iliyoitwa ndani ya kazi inayoshughulikia kila ujumbe. Hiyo inajenga akiba mpya kila mara na kuitupa. Iite mara moja tu programu inapoanza, au tumia `Shared`. Hata ikiitwa mara moja, akiba ya `Create()` hutumia kufuli, na thredi nyingi zikiigombea kwa wakati mmoja zitapanga foleni. `Shared` ndiyo iliyotengenezwa kwa thredi nyingi.

Kisha tazama kama unaazima arei ndogo. Kwa baiti 20 za mizani ndani ya kazi isiyo na `await`, `stackalloc`, inayotenga nafasi ya muda inayojifuta kazi ikiisha, ni nyepesi na haina cha kurudisha. Na kama umeweka `clearArray: true` kila mahali, iondoe pale ambapo hakuna taarifa za watu, kufuta arei ya megabaiti nzima kwa kila ujumbe ni kazi inayoonekana kwenye prosesa.

Dalili ya 5: `ArgumentException` wakati wa kurudisha

Akiba inakwambia arei si yake. Karibu kila mara ni `Array.Resize` iliyokubadilishia arei bila wewe kugundua, au umeazima kwenye akiba moja na kurudisha kwenye nyingine yenye saizi tofauti. Usijipe moyo kwamba kosa hili litakulinda siku zote: `Shared` hutazama urefu tu, kwa hiyo `new byte[1024]` yako mwenyewe itapokelewa bila swali.

Lini usijaribu mwenyewe

Mbali na maonyo ya hapo juu, kuna mawili. Mnada ukiwa unaendelea, usipeleke marekebisho ya akiba ya arei kwenye seva, hata kama umeyajaribu. Badilisha `Rent` kuwa `new` kwenye njia yenye kasoro, ongeza memori ya seva kwa muda, subiri mnada ufungwe. Lindi waliomaliza ufuta huwa na nafasi ya kupima kabla mbaazi na korosho hazijaanza, itumieni.

La pili ni picha ya memori. Programu ikianguka bila ujumbe na ukalazimika kuchukua `dotnet-dump`, faili hilo limebeba kila kilichokuwa kwenye arei wakati huo, yakiwemo majina na akaunti za wakulima. Usilitume kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada. Mwite mtaalamu aje alisome kwenye mashine yenu, kwa idhini ya mwenye data, na lifutwe kazi ikiisha.